Herufi Isiyoandikwa

Nyakakika, Karagwe. Mwaka 1329 wa Hijra.

Tarehe 2, Mfunguo Sita

Mvua imeanza jana alasiri na haijanyamaza. Paa linavuja juu ya mkeka wangu wa kazi, si kwingine, kana kwamba lina kisa nami. Nimehamishia karatasi zangu zote dukani, juu ya masanduku ya nguo, na kaka yangu Mbaraka amenung'unika kwamba duka ni la biashara, si la kuanikia makaratasi ya Rukaya. Hayo makaratasi ndiyo anayojisifia kila akipata wageni, ila leo sikuwa na hamu ya kubishana.

Ni karatasi zinazokuja zimezungushiwa majora ya merikani kutoka Bukoba. Nazilalisha chini ya godoro hadi zinyooke, nazigandisha moja kwa nyingine kwa uji mzito wa ngano, napata ukanda mrefu wa kufika mlango hadi mlango. Kisha naandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya tete na kuchora maua pembeni. Wino mweusi ni masizi ya chungu na gundi ya mgunga, mwekundu ni udongo wa ngeu, wa njano ni manjano haya haya ya mchuzi. Waislamu wa hapa hawafanyi harusi nyumbani, wala akika, wala Maulidi, bila kutundika bango langu. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha, tulipokuwa Tabora, naye alifundishwa pwani.

Vipande vinavyobaki nikishakata ndivyo ninavyoandikia haya. Tangu mume wangu afariki nimekuwa mtu wa kuongea peke yangu, na afadhali niongee kwa wino kuliko jikoni watu wakinisikia.

Tarehe 5

Mvua. Kichwa kinauma.

Tarehe 12, Maulidi

Tumesoma Maulidi hapa nyumbani. Bango langu lilikaa juu ya mlango wa ukumbi: Tunakupenda Mtume wetu. Mwalimu Zubeiri akalisoma kwa sauti mbele ya watoto anaowasomesha Kurani chuoni, akasema, "Tunakupeda." Watoto wakaangua kicheko.

Mwalimu ni Mnyambo, mwenyeji wa Rugu. Kusoma alijifunza kwa Kurani, na katika Kurani kila herufi ipo mahali pake, kwa hiyo husoma kilicho mbele ya macho yake na hakuna zaidi. Akanigeukia kwa heshima zake zote.

"Bibi Rukaya, nuni yako iko wapi? Mimi naona dali peke yake."

"Sisi hatuandiki nuni kabla ya dali, Mwalimu. Msomaji anaijua mwenyewe."

"Na asiyeijua, waitu?" akauliza, kwa neno lao la heshima.

"Ajifunze."

Watu wakacheka, nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa halua. Ndivyo baba alivyoandika, ndivyo watu wetu wote wanavyoandika. Hata hapa nikiandika ndizi au ndugu, nuni, ile sauti ya kwanza, haipo.

Kulikuwa na habari nyingine. Watu wa Kamuli, tuliokuwa tukizungumza nao habari ya posa, wamejibu. Mzee Nasoro, mwenye duka kule, anamtaka Mgeni wetu, binti ya kaka, kwa mwanawe Seif, na harusi itakuwa Mfunguo Nane mvua ikipungua. Wifi yangu Shufaa, mama yake Mgeni, alilia kwa furaha. Mgeni mwenyewe alikaa pembeni na mikono yake mirefu ya kanzu, hakusaidia kutundika wala kutundua. Tangu apate mchumba anajiona.

Tarehe 20

Mgeni ananiudhi. Leo nilimwita aniepulie chungu cha gundi. Akakiinua kwa kukikumbatia, mkono umegusa ukingo wa moto kabisa, ngozi ikanuka. Nikapiga kelele mimi, yeye hata hakukunja uso. Akasema, "Si kitu, shangazi," akashusha mkono wa kanzu akaenda zake. Msichana ana roho ngumu. Namwonea huruma Seif.

Tarehe 27

Mvua ya mawe. Migomba miwili ya karibu na choo imelala chini. Shufaa anataka harusi iwahishwe, hata matope yakiwepo. Mbaraka amemwambia wageni hawatatoka Kamuli kwa kuogelea.

Tarehe 3, Mfunguo Saba

Nimeanza bango la harusi. Nimechagua karatasi nyeupe kuliko zote. Nikimaliza nitalipiga utomvu wa mgomba kwenye kingo ili rangi isitiririke kwa unyevu.

Tarehe 9

Wino unamwagika, lakini nisipoandika nitaropoka mbele ya watu.

Leo asubuhi nilimaliza bango. Katikati, kwa herufi nene kama kidole gumba, nimeandika neno ndoa, na chini yake majina yao, Mgeni binti Mbaraka na Seif bin Nasoro. Nikalitundika chumbani kwangu likauke, nikamwita Mgeni alione kabla ya mtu mwingine. Nilitaka tupatane, maana siku hizi tulikuwa tunanuniana.

Akaingia, akasimama, midomo ikicheza kama mtu aliye chuoni. Kusoma hakufundishwa nami, alifundishwa na Mwalimu Zubeiri. Nikaona uso umemwishia damu. Akaketi mkekani, juu ya vikombe vyangu vya rangi, manjano yote yakamwagika.

"Shangazi," akasema, "umeniona lini?"

"Nimekuona wapi?"

"Kama uliniona ungeniambia mimi. Kwa nini uandike? Tena na jina langu?"

"Nimeandika ndoa, mwanangu."

"Umeandika doa."

Nikageuka kulitazama bango langu mwenyewe. Dali, wau, alifu. Nuni haipo, haijapata kuwepo. Doa, na chini yake, Mgeni binti Mbaraka. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaanza kumweleza habari ya nuni na dali kama nilivyomweleza Mwalimu. Sikufika mbali, kwa sababu Mgeni alikuwa ameshapandisha mkono wa kanzu.

Nyuma ya mkono wa kushoto, kutoka chini ya kiwiko kwenda juu, kuna baka la rangi ya jani kavu la mgomba. Ukubwa wake ni kama kiganja cha mtoto. Ukingo umeinuka kidogo. Mwili wake wote ulikuwa na jasho la woga, lakini pale palikuwa pakavu, na vinyweleo havipo. Ndani yake kuna alama ya moto wa chungu cha gundi.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani iliyopita. Na jingine dogo mgongoni."

"Linawasha?"

"Haliwashi."

Nikamwambia upesi upesi kwamba ni choa, watoto wote wanapata choa, au mba, au joto la nguo nzito. Nilikuwa nasema hivyo na huku nakiona kile chungu. Nikamwambia afumbe macho. Nikachukua kalamu yangu ya tete, niliyoichonga jana, ncha kali.

"Niambie nakugusa wapi."

Nikamgusa kiganja. "Kiganja," akasema. Nikamgusa kifundo. "Kifundo." Nikaiweka ncha katikati ya baka. Kimya. Nikabonyeza, ngozi ikabonyea, nukta ya wino ikabaki pale. Nikabonyeza tena pembeni, na tena.

"Mbona umeacha, shangazi?" akauliza, macho bado kayafumba.

Nilimshika kichwa nikamlaza mapajani kwangu, na wakati huo huo, naandika kweli tupu, nilikuwa nikiwaza kama kanga yangu imegusa ule mkono.

Nikiwa mdogo Tabora kulikuwa na mama mmoja aliyekaa nje ya mji, vidole vimekwisha, chakula anawekewa juu ya jiwe na watu wanakimbia. Wanyambo huuita ebibembe. Sisi tunauita ukoma. Nimeliandika jina lake sasa, na nimetazama mlangoni.

Tarehe 10

Nimeshindwa kula.

Tarehe 11

Nimenawa kwa majivu mara nyingi hadi mikono imepasuka. Mgeni ameniona. Aligeuza bakuli lake, akaliweka mbali na yetu. Nimeona haya, na bado nikanawa tena.

Tarehe 13

Mvua. Nimemwangalia Mgeni siku nzima. Kumbe yale mambo yote niliyoyaita kiburi, kukataa kusuguliwa mgongo, kanzu ya mikono mirefu wakati wa jua, kulala peke yake, yalikuwa haya. Miezi yote hiyo alikuwa na hofu hii tumboni, na mimi nikimsema kwa uvivu.

Tarehe 15

Nimemwambia Shufaa. Nilimkuta jikoni anachambua kahawa za kuchemsha, zile ndogo za kutafuna wanazopewa wageni. Nilijipiga moyo konde, nikafunga mlango, nikasema yote kwa pumzi moja. Hakuacha kuchambua.

"Nimejua kabla yako," akasema. "Nilimwogesha alipokuwa na homa."

Nikakaa juu ya kinu.

"Kaka anajua?"

"Hajui, na hatajua."

"Na watu wa Kamuli, wifi?"

"Akiwa hapa ataitwa mgonjwa. Atajengewa kibanda mwisho wa migomba, atakufa peke yake. Akiwa Kamuli ataitwa mke wa Seif. Mke wa mtu hafukuzwi upesi."

"Na huyo Seif? Na watoto wao?"

Hapo akainua uso. Nimeishi na Shufaa miaka mingi, tumegombana kwa chumvi na kwa kuni, lakini macho yale sikuwahi kuyaona.

"Tangu mumeo afariki umekaa nyumba hii. Kuna mtu aliyekuuliza utaondoka lini?"

"Hakuna."

"Basi."

Nikatoka. Nimekuwa mwoga tangu kuzaliwa, hata kuku akinikimbilia naruka, na Shufaa anajua hilo. Nilikwenda kukaa dukani kati ya majora, nikasikia mvua inapiga paa, nikajiambia labda ni choa.

Tarehe 16

Labda ni choa.

Tarehe 22

Amepita mchuuzi wa ngozi kutoka Bukoba, amekaa barazani hadi mvua ikate. Anasema huko watu wanadai Wadachi wanaotutawala wana mahali wanapowaweka wagonjwa wasioponeka, na akishaingia mtu haonekani tena. Mbaraka akamuuliza wagonjwa wa nini. Akasema wa ugonjwa wa usingizi, wa ukoma, wa chochote. Nilikuwa namimina kahawa, nikaimwaga yote juu ya mkeka. Kaka amenikaripia mbele ya mgeni. Mchuuzi atakwenda Kamuli akitoka hapa, na sikuweza kuondoa macho yangu kwake mpaka akapotea kwenye ukungu. Kana kwamba angeweza kunusa.

Tarehe 28

Nimeota vidole vyangu vinaanguka ndani ya chungu cha gundi. Nimeamka nikavihesabu.

Tarehe 2, Mfunguo Nane

Mvua imepungua, kunanyesha asubuhi tu. Sijapata kuiombea mvua, lakini sasa naiombea. Matope yakikauka wageni watakuja.

Nimemuuliza Mgeni kama anamtaka huyo Seif. Amesema alimwona mara moja, mwaka juzi, alipokuja kununua chumvi. Mzigo ulimponyoka mpagazi akaumia mguu, Seif akararua kilemba chake akamfunga. "Ndiyo sababu naogopa, shangazi," akasema. "Angekuwa mtu mbaya ningeolewa tu."

Tarehe 6

Shufaa amekuja chumbani kwangu na kufuli la mlango.

Siku ya harusi, amesema, wanawake wa Kamuli watataka kumwona bibi arusi, watamshika mikono wampake hina hadi viwikoni, ndiyo desturi yao. Kumsugua na singo, ule unga wa manukato, nitamsugua mimi peke yangu, somo mwingine wa kumfunda haitwi. Lakini ile hina hawezi kuikataa.

"Wewe ni mtu wa rangi," akaniambia. "Changanya rangi ya ngozi yake."

Nikamwambia siwezi. Akapiga magoti. Shufaa, ambaye hajawahi kuniomba hata ukwaju, alipiga magoti kwenye mkeka wangu akanishika miguu. Nilidhani ni mtu mgumu, kumbe kilichomshikilia ni woga mtupu, na woga huo ni wa mama.

Nimechanganya. Ngeu, masizi kidogo, manjano kidogo, samli na gundi ya mgunga ili ishike. Mara ya kwanza ilitoka nyekundu, mara ya pili ikawa kijivu kama maiti. Mgeni alikaa karibu na dirisha na mkono wake kwenye goti langu. Mara ya tatu nilipaka kwa ncha ya kitambaa, nikaufifisha ukingo kwa kidole changu, kidole kitupu, sikukumbuka hata majivu. Nikarudi nyuma kutazama.

Hapakuwa na kitu. Mkono wa msichana, basi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nilitamani kuifuta yote.

"Imekwisha?" Mgeni akauliza. Alikuwa ametazama upande mwingine muda wote, na hakujua kama nilikuwa nimemgusa au bado.

Tarehe 14

Bango nimelikunja, nimelificha chini ya majora ya kaniki. Nimeandika jingine linalosema Karibuni, na jingine Heri na Baraka, maneno ambayo hata Mwalimu Zubeiri hawezi kuyaharibu. Nikifikiria ile dali peke yake juu ya mlango, mbele ya watu wa Kamuli, naongeza jora jingine juu ya bango.

Tarehe 17

Wageni wamefika jioni, matope hadi magotini. Mzee Nasoro ni mtu wa mzaha, mkewe ana sauti ya upole. Seif aliniamkia, "Shikamoo shangazi," akainama kabisa, na mimi nikaitikia marahaba nikitazama kanzu yake. Sikuweza kumtazama usoni.

Tarehe 18

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilimpaka Mgeni rangi tena, mlango umefungwa. Wanawake wa Kamuli wakaja na hina, wakamchora mikono yote miwili huku wakiimba, na mama yake Seif akasema ngozi ya mwari ni laini. Nilisimama nyuma yao nimeuma kanga. Ilishika. Hakuna aliyeona.

Nikadhani tumevuka. Nikatoka kwenda ukumbini kuleta marashi, na hapo nikaona bango kubwa liko juu ya pazia la chumba cha bibi arusi. Kaka yangu alikuwa kwenye kigoda, anafunga kamba ya pili.

"Rukaya, kazi nzuri namna hii unaificha chini ya kaniki?" akasema. "Nimeitafuta tangu alfajiri."

"Lishushe, kaka. Nimelikosea."

"Wewe hujawahi kukosea."

Aliteremka amejaa furaha. Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume, watu wa Kamuli upande mmoja na wa kwetu upande mwingine, na wazee wa Kinyambo mlangoni. Wengi hawajui kusoma. Ndipo kaka, kwa kutaka sifa, akamwomba Mwalimu Zubeiri awasomee wageni.

Mwalimu akasogea, akakohoa. Nilimtazama kwa macho yangu yote ili anione, hakuniona. "Doa," akasoma, polepole, kwa sauti nzuri ya chuoni. "Mgeni binti Mbaraka."

Mzee Nasoro alitazama bango, akamtazama kaka yangu. Halafu mzee huyo, ambaye babu zake ni wa pwani kama sisi, akapiga paja kwa kicheko. "Ndoa, Mwalimu! Ndoa! Hizi ni herufi za kwetu, nuni tunaimeza." Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka hadi wakafuta machozi, na Mwalimu wa watu akasimama pale ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo.

Ikaja zamu ya idhini. Mwalimu na mashahidi wawili wakasogea kwenye pazia, na mimi nikaingia ndani nikakaa karibu na Mgeni, kama inavyotakiwa. Shufaa alikuwa upande wa pili. Kwetu mwari haulizwi ili ajibu. Hunyamaza, na kimya chake ndiyo kukubali kwake. Alichotakiwa Mgeni ni kukaa tu.

"Mgeni binti Mbaraka," Mwalimu akasema nje ya pazia, sauti bado ina aibu. "Baba yako anataka kukuoza kwa Seif bin Nasoro. Umeridhika?"

Nikausikia mkono wa Shufaa unatafuta wangu nyuma ya mgongo wa Mgeni. Nikaushika.

"Mwalimu," Mgeni akasema.

Wanawake wote waligeuka. Shufaa alimfunika mdomo, Mgeni akautoa ule mkono taratibu, wala si kwa hasira.

"Mwalimu, ulisoma sawasawa."

"Nimesoma vibaya, binti yangu. Ni ndoa. Wamenieleza."

"Ulisoma kilichoandikwa."

Akachukua pindo la mtandio wake, akalilowesha kwa marashi niliyokuwa nimeyashika, akaanza kusugua juu ya kiwiko. Alisugua kwa nguvu, kwa kuwa hasikii pale, na rangi yangu ikatoka pamoja na hina. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia na sikumzuia. Kisha akaupitisha mkono upande wa pili wa pazia, mbele ya mashahidi, mbele ya ukumbi mzima, akauacha hapo.

Sikuona waliyoyaona wao. Nilisikia vigoda vinasogea. Nilisikia mzee mmoja wa Kinyambo akisema "Ebibembe" kwa sauti ndogo, na watu wakitafuta viatu. Kaka yangu aliita, "Rukaya! Rukaya, ni nini hiki?" kama vile mimi ndiye mwenye jibu. Shufaa alikuwa amelala kifudifudi. Mgeni hakuurudisha mkono.

Halafu pazia likafunguliwa kidogo. Alikuwa Seif. Baba yake alikuwa anamvuta kanzu kwa nyuma, lakini alisimama pale, akautazama ule mkono, kisha akamtazama Mgeni mwenyewe, na mimi nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ni kijana mdogo.

"Inauma?" akauliza.

"Hapana," Mgeni akasema. "Ingeuma ningefurahi."

Akainamisha kichwa kama anayeaga, na baba yake akamwondoa.

Tarehe 19

Wamekwenda zao Kamuli. Mama yake Seif alirudi kutoka njiani peke yake, akaacha kitambaa cha harusi alichomletea Mgeni juu ya jiwe la barazani. Hakuingia.

Tarehe 21

Duka halijapata mteja. Mbaraka ameanza kukata miti ya kibanda, chini, mwisho wa migomba, upande wa bondeni. Leo alipumzika akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Akarudi kukata.

Mwalimu Zubeiri amekuja, amekaa nje mvuani akaomba dua, hakukubali hata kuletewa kigoda.

"Ningejua, Bibi Rukaya, ningenyamaza," akasema.

"Si wewe uliyesema, Mwalimu. Mgeni ndiye aliyesema."

Nimemcheka mtu huyu mara nyingi, na leo nilitaka kumwomba radhi, nikakosa pa kuanzia. Nikamwambia bango lijalo nitaandika nuni. Akasema vizuri, waitu.

Tarehe 24

Kibanda kimekwisha. Shufaa ametandika majani makavu na kuwasha moto wa kufukuza mbu, kisha amerudi nyumbani kwa sababu ya wadogo zake Mgeni, na kilio chake nilikisikia njia nzima. Mgeni amehamia na bakuli lake, kikombe na nguo mbili.

Nami nimefunga mkeka wangu na kalamu. Nilisimama kati ya migomba muda mrefu. Nilirudi mara moja hadi uani, nikajidai nimesahau kitu, nikashuka tena. Mgeni alinikuta mlangoni, akauweka mwili wake katikati nisipite.

"Rudi, shangazi. Huogopi?"

Nikamwambia naogopa, tena sana, na kesho nitaamka naogopa. Akanitazama, akasogea pembeni. Nikaingia nikatandika mkeka wangu kando ya wake.